Tukutuku ya Chama

Mabula alikuwa na akili zake timamu siku aliyouza maksai wake, na hilo ndilo linaloudhi. Angekuwa amelewa, watu wangesingizia pombe. Angekuwa kijana, wangesema damu inamchemka. Lakini alikuwa mtu mzima, aliyewahi kuwa karani wa chama cha ushirika pale Ngulyati, mpima pamba wa miaka mingi. Aliwatoa maksai wale zizini asubuhi kweupe, akawapeleka kwa jirani yake Maganga, akarudi nyumbani mikono mitupu huku akipiga mluzi. Mkewe Milembe alikuwa anachambua mchele uani. Aliusikia mluzi ule akajua kwamba mwaka ule hawakuwa tena na ng'ombe wa kulimia.

Chama chenyewe kilikuwa kimeshakufa. Serikali ilikuwa imefungua milango ya biashara huria, kampuni binafsi zikaruhusiwa kununua pamba, na malori yakaanza kumiminika Bariadi yakitokea Mwanza na madereva wasiomjua mtu. Chama kikabaki na ghala tupu na mizani iliyoshika kutu. Unga wa Mabula ukamwagika hivyo hivyo, bila hata mtu kuja kumpa pole. Watu waliendelea kumwita Karani kwa mazoea, na kila walipomwita moyo ulimchoma, maana ukarani haukuwepo tena.

Ndipo alipotokea bwana mmoja anaitwa Constantine, mtu wa kampuni, shati jeupe na miwani ya jua. Alikuwa anatafuta wakala wa kuzungukia vijiji vya upande wa Ngulyati, awakusanye wakulima, apime pamba, akimbilie Bariadi kuita lori. Alimwambia Mabula maneno machache tu. "Mzee, kazi unaijua, nimeambiwa. Ila mimi namtaka mtu mwenye usafiri wake. Siku ya kufungua msimu njoo ghalani kwetu Bariadi na usafiri wako, mapema, tuongee."

Mabula aliposikia usafiri, hakuona kitu kingine kichwani ila tukutuku ya chama. Ilikuwa pikipiki ndogo, nyepesi, ya Kijapani, ya zamani za wakati pamba ilipokuwa pamba, tangi lake jekundu limepauka hadi likafanana na tofali. Katibu wa chama ndiye aliyekuwa akiiendesha. Mabula alikaa nyuma, mwaka baada ya mwaka, amekumbatia mawe ya mizani yasianguke, akimeza vumbi, na hakuruhusiwa hata siku moja kushika usukani. Mali za chama ziliponadiwa, tukutuku ilitolewa chini ya marundo ya magunia, siti imeliwa na panya. Watu waliicheka. Mabula aliinunua kwa fedha za maksai.

"Baba Kija," Milembe alimwambia jioni ile, "baiskeli si unayo?"

"Karani wa kampuni na baiskeli?" alijibu, na hilo ndilo jibu alilolitoa.

Aliisukuma hadi Bariadi kwa fundi Anatoli. Huyu alikuwa fundi wa baiskeli na mashine za kusaga, ila pikipiki alijifunza kwa mapadri wa misheni, akawa anazielewa. Alizunguka tukutuku ile, akainama, akachokoa ekzosi kwa kijiti. Udongo ukadondoka. Nyigu walikuwa wamejenga humo na kuzaliana wapendavyo.

"Mzee, hii umeitoa kaburini," alisema.

"Itafufuka?"

"Tuone."

Walikaa nayo siku nyingi. Anatoli alifungua kabureta akakuta petroli ya zamani imeganda humo, kahawia na nata, akaikwangua kwa uzi wa breki ya baiskeli. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda. Aliiloweka kwa mafuta ya taa, akawa anaigonga kwa kipande cha mti, taratibu, kila siku kidogo. Plagi alipata ya mashine ya kumwagilia. Spoki zilizovunjika akaziba nafasi zake kwa spoki za baiskeli, akaomba Mungu. Mabula alichuchumaa pale akishika tochi mchana, hata pasipohitaji tochi. Wapita njia walimsalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, Karani," naye aliitika bila kuinua kichwa.

Siku ilipowaka, iliwaka kwa hasira. Anatoli alipiga kiki hadi jasho likamchirizika, ikakohoa, ikazima, ikakohoa tena, halafu ikanguruma na kujaza moshi uani kote. Kuku walikimbia. Mabula alisimama katikati ya moshi ule akilia waziwazi, na sioni sababu ya kumcheka, maana ilikuwa mara yake ya mwisho kufurahi kwa moyo wote mwaka ule.

"Sasa nisikilize, mzee," Anatoli alimwambia. "Injini hii haina oili yake ndani kama ya gari. Oili yake unaichanganya na petroli, humo humo tangini. Hii chupa ya soda niliyokupa ndiyo oili yenyewe. Ikiisha, usiendeshe. Njoo unione, naagiza Mwanza, inakuja na basi."

"Nimekusikia, mwanangu."

Na alisikia kweli. Shida ya Mabula haikuwa masikio. Shida ilikuwa kwamba alikuwa amekaa siti ya nyuma muda mrefu mno. Alipofika Ngulyati hakuweza kuiacha ile pikipiki itulie. Aliiendesha kwenda kisimani. Aliiendesha kanisani, kiasi cha kumfanya katekista akatize sala. Aliiendesha hadi kwa shemeji yake kumjulia hali, na shemeji yake alikuwa mzima wa afya. Alipita mbele ya nyumba ya katibu wa zamani wa chama akapunguza mwendo, akapita tena. Kila safari alikuwa anamimina oili ya kwenye chupa kwa uangalifu mkubwa, kama alivyoagizwa, na kwa uangalifu huo huo akaimaliza.

Alfajiri ya siku ya kufungua msimu alivaa koti lake, akafungua tangi, akaweka petroli. Akachukua chupa. Tone moja likashuka, likasita mdomoni mwa chupa, basi.

Alisimama nayo mkononi. Oili ilipatikana Bariadi tu, kwa Anatoli, na hata huko hakuna aliyekuwa na uhakika kama basi limeleta. Milembe alitoka jikoni akamwona, akaelewa.

"Nenda na baiskeli," alisema. "Ukitoka sasa hivi unamkuta."

Mabula alitia pamba masikioni. Aliingia jikoni mwenyewe, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akatoka na kibuyu cha mafuta ya pamba. Huku kwetu kila nyumba ilikuwa nayo, yaliyokamuliwa kwenye mbegu, mazito na ya manjano. Kwa mafuta hayo Mabula alilainisha mizani ya chama msimu hadi msimu, na mizani haikuwahi kulia. Kwa mafuta hayo walipaka ekseli ya mkokoteni, bawaba za mlango, visigino vya watoto. Pamba ilikuwa imewajengea nyumba na kuwavisha. Haikumwingia akilini kwamba kungekuwa na chuma duniani ambacho pamba ingekidhuru.

"Hayo ni ya mboga," Milembe alisema.

"Mafuta laini ni mafuta laini, mama Kija. Yanateleza."

Akayachuja kwa kitambaa safi, akayapima kwenye ile chupa ya soda, akayamimina tangini. Akapiga kiki. Ikawaka mara moja, tamu kabisa, akamtazama mkewe kwa ushindi. Milembe alirudi ndani akafunga mlango.

Tukutuku ilikwenda vizuri, tena ilinukia. Ilipopita vijijini, watoto walitoka nje wakidhani kuna mtu anakaanga maandazi. Mabula aliongeza mwendo. Upepo ulimpiga kifuani, alikuwa mbele, hapakuwa na mgongo wa katibu wa kumziba macho. Alianza kupanga maneno atakayomwambia Constantine.

Njia ilipoanza kupanda, injini ilianza kulegea. Akaikaza. Ikatoa sauti ya kukwaruza, gurudumu la nyuma likashika ghafla, na Mabula akajikuta amelala barabarani, koti limechanika kiwiko, tukutuku imemlalia mguu. Alipiga kiki. Kiki haikushuka. Aliipanda kwa uzito wake wote, nayo ilisimama imara.

Akaisukuma. Kwa kubana klachi, gurudumu lilikubali kuzunguka. Wakulima walimpita na mikokoteni iliyojaa pamba, ng'ombe wanahema, wakamsalimu kwa heshima, "Mwangaluka, Karani." Aliwaitikia wote. Hakumwomba mtu msaada, aliona aibu.

Alifika Bariadi jua limeshakuwa kali. Ghala la kampuni lilikuwa wazi, watu wamejaa. Constantine alikuwa anamkabidhi mizani kijana mmoja wa mjini aitwaye Januarius, na kijana huyo alikuwa ameegemea baiskeli, tena kuukuu, haina hata kengele.

"Mzee, nimekusubiri," Constantine alisema, wala hakuwa mkali. "Nimeshampa huyu."

"Ana baiskeli," Mabula alisema.

"Ndiyo. Usafiri ni usafiri, mzee. Mimi nilitaka mtu afike."

Mabula alitikisa kichwa kama mtu anayekubaliana na jambo. Akageuza tukutuku, akaisukuma hadi kwa Anatoli.

Anatoli alifungua silinda papo hapo. Pistoni na ringi zake vilikuwa vimefunikwa na kitu cheusi, kigumu, kama ukoko wa chini ya sufuria, na ukuta wa silinda umechanwa mistari. Alikwangua kidogo kwa ukucha, akanusa.

"Imenoki, mzee. Ulitia nini?"

Mabula akamwambia.

Anatoli hakucheka. Afadhali angecheka. "Haya mafuta hayauwezi moto wa humu," alisema polepole. "Yanaungua, yanakuwa gundi. Silinda ningeweza kuitafutia mtu wa kuichonga. Pistoni ya hii siku hizi sijui nani anayo." Akafuta mikono, akaivisha injini gunia. Tukutuku ikabaki kwake, ukutani, na kuku wakaanza kulalia juu yake.

Milembe alimpokea nyumbani. Aliona koti, akachukua sindano na uzi. Mabula angependa agombezwe. Alilala chali akalitazama paa, na kwa mara ya kwanza akawakumbuka maksai wale kwa jina, mmoja mmoja, akaumia vibaya sana.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Maganga alikuja. Alikuwa jirani mwema, hakuja kusimanga. Alisema maksai wanamsumbua, wakifika mwisho wa shamba hawageuki, wanamsikiliza mtu mmoja tu. Na desturi ya huku ni hiyo: asiye na ng'ombe humlimia kwanza mwenye nao, kisha ndipo shamba lake nalo lilimwe. Mabula alikubali. Hakuwa na njia nyingine.

Basi alishika plau shambani kwa Maganga, siku baada ya siku, na shamba la Maganga lilikuwa kubwa. Ardhi ililowa ikawa laini, ikalimika vizuri. Halafu mawingu yakaanza kuwa meupe. Upande wa pili wa njia Milembe alikuwa analima lao kwa jembe la mkono, peke yake, na alikuwa hajafika popote.

Mchana mmoja alivuka njia kumletea mumewe uji. Maksai waliisikia sauti yake wakasimama wenyewe katikati ya tuta. Milembe aliwapapasa shingoni, wote wawili, kwanza. Kisha akapiga goti kama alivyolelewa, akampa Mabula kibuyu.

"Baba Kija, zamu yetu lini?"

"Maganga akimaliza."

"Udongo umeanza kukauka."

"Nimeona."

Milembe alimngoja anywe. Uso wake ulikuwa umechoka tu, haukuwa na hasira, na hilo lilimwia Mabula gumu kuliko yote. "Basi nikaendelee na jembe," alisema.

"Endelea," Mabula alijibu.

Kutoka kivulini mwisho wa shamba, Maganga aliinua mkono akaita kwa sauti ya kawaida kabisa, "Karani! Mbona ng'ombe wangu wamesimama?"

Mabula alimrudishia mkewe kibuyu. Akashika plau, akawaita maksai kwa majina aliyowapa mwenyewe walipokuwa ndama, nao wakaanza kutembea.