Vitufe Vilivyoshuka Ngazi

Jumamosi saa tisa, mpwa wake alimsukuma Shangazi hadi kwenye dirisha la banda la gemu, akafunga breki ya kiti cha magurudumu. Mlango wa banda una ngazi tatu.

"Karibu Shangazi, ila ndo hivyo, ngazi," mwenye banda alisema huku anafuta skrini kwa shati lake.

"Naziona. Tumeshazoeana."

Vidole vya Shangazi havishiki kitu tangu azaliwe. Kidevu chake, na kiwiko cha kushoto, hivyo ndivyo vinavyomtii. Mwezi mzima alikuwa anaangalia mpira wa kwenye skrini kupitia dirishani, akiwafokea wachezaji. Pale sheria ni moja: aliyefungwa ananyanyuka, mshindi anabaki kwenye benchi, na jioni jina la bingwa linaandikwa ukutani kwa chaki. Shangazi alilitaka lake pale.

Kwenye benchi, kinyozi wa mtaa alikuwa ameshawanyanyua watu sita. "Nani anafuata?"

"Mimi," Shangazi akasema.

"Pedi utaishikaje?"

Vitufe vya pedi ya pili vikang'oka kimoja kimoja. Vikapanga foleni, vikashuka ngazi, vikapanda gurudumu. Cha pasi kikakaa chini ya kidevu, cha kupiga shuti kwenye kiwiko. Kimoja kikaenda gotini.

"Huko sina nguvu, baba," akakiambia. Kikahamia shavuni.

"Visiingie mchanga tu," mwenye banda akasema.

Kinyozi akatangulia kufunga. "Shangazi, leo nakunyoa upara!"

"Anza na kichwa chako."

Shangazi akasawazisha, na dakika ya mwisho kiwiko kikabonyeza. Mbili moja. Kinyozi akanyanyuka, akashika kichwa. "Nimenyolewa bila maji."

Benchi likabaki tupu, watu wakaangaliana.

"Msihangaike," Shangazi akasema. "Kiti changu nimekuja nacho."

Akawafunga wengine wanne. Jioni vitufe vikarudi ndani, na mwenye banda akachukua chaki, akaandika jina la kinyozi.

"Ukutani anaandikwa aliyekaa benchi, Shangazi. Wewe hukuingia."

"Sikuingia kwa nini?"

"Si ngazi?"

"Haya."

Njia nzima Shangazi alikuwa anaimba. Watano kwa siku moja si mchezo.

Jumamosi iliyofuata walikuta ngazi zimewekewa kibao cha mteremko, kimepigwa randa vizuri, upana wake vidole viwili.

"Vitufe vilikuwa vinachoka kuruka," mwenye banda akaeleza.

Shangazi akakiangalia kibao, akakisifia. Kisha mpwa akafunga breki, na yeye akainua kidevu, akangoja.