Shokapu za Osea

Osea alimpelekea gari Gwantwa, fundi wa Tunduma, abadilishiwe shokapu. Gwantwa alimchagulia seti ngumu ya kisasa, inayopandishwa na kushushwa kwa spana.

“Safi,” Osea alicheka. “Hizi za zamani zilinirusha kwenye kona ya Itumba siku ya Krismasi, nikamgonga bibi mmoja. Nikakanyaga mafuta. Nani angenijua?”

Bibi huyo alikuwa mama yake Gwantwa, aliyekufa Krismasi hiyo kwenye kona hiyo kwa kugongwa na gari lililokimbia.

Gwantwa aliliinua gari kwa jeki, akang'oa matairi na shokapu zote, akazifungia stoo, kisha akapiga simu.

“Fundi, mbona umesimama?”

“Nawasubiri polisi, kaka. Yule uliyemuua ni mama yangu. Leo kimbia tena nikuone.”

Pingu zilipofungwa, Gwantwa alisogea karibu ili aone vizuri.