Ng' ya Ng'ombe Langoni

Ukoo mzima ulishajua kwamba shangazi yake Fundi amekataliwa na hospitali ya macho. Aliyechelewa kujua ni Fundi mwenyewe, naye ndiye mtunza tovuti ya hospitali hiyo.

Ijumaa jioni alirudi kazini hoi, akakuta nyumba imejaa, watu wamekalia hadi mikono ya makochi, na shangazi anafunga mzigo. Mkewe akamweleza: shangazi ameomba miadi ya upasuaji kwenye tovuti, kwa simu yake, mara nane, na mara nane amejibiwa, "Ombi lako si sahihi." Jicho moja lilishazimika, la pili linaingia ukungu. Kesho anarudi kwake.

"Hodi tatu ndiyo adabu, baba," shangazi alisema. "Mimi nimepiga nane. Wameona uzee wangu."

Fundi akaomba simu. Maneno yale aliyaandika yeye. Wiki tatu nyuma wahuni walikuwa wakijaza amri kwenye nafasi ya jina ili wapekue majalada ya wagonjwa, na amri zao zilikuja na kikoma cha juu, kile kialama cha ng'. Basi akaweka lango: kila ombi lisimamishwe, likaguliwe, lenye kikoma lirudishwe. Hakukumbuka kwamba jina la marehemu mume wa shangazi, ambalo shangazi analitumia, lina ng' ya ng'ombe.

Shemeji mmoja akashauri jina liandikwe bila kikoma, yaishe. Shangazi akamkata: kitambulisho kinacho, mapokezi watasema huyu mtu mwingine. "Na mume wangu sikumzika na jina nusu."

Hata viatu Fundi hakuvua. Alifungua kompyuta kwenye meza ya chakula, binamu wakichungulia begani na kuuliza kama hiyo ni kazi au anahesabu sisimizi. Akaruhusu kikoma, kisha akahakikisha jina likifika ndani linabaki jina, haligeuki amri. Akajaribu tena na tena. Ndipo shangazi akatuma ombi la tisa.

Likapita. Miadi ni baada ya wiki kumi na moja. Nafasi za karibu walishachukua wenye majina laini.

Vigelegele vilipotulia, shangazi akauliza, "Na wenzangu wa ng'?"

Fundi akafungua orodha ya maombi yaliyorudishwa. Mia nne na kumi na mawili. Lango lilitunza saa na sababu tu. Majina na simu lilitupa, kama alivyoliagiza.

"Siwajui, shangazi."

"Basi Jumatatu kawaambie wakubwa zako watangaze redioni." Alianza kutoa nguo mzigoni. "Na waseme kosa ni lenu."

Fundi akaitikia, akalaza kichwa mezani katikati ya vikombe.