Kuinama Upande wa Kaskazini

Inubushi Takuma alikuwa bingwa wa dunia wa ngumi, na bado mama anayepokea viingilio kwenye bafu la umma la mtaani kwao, pale Osaka, alidhani ni mpeleka vifurushi. Kila jioni alimuuliza kama mizigo ilikuwa mizito. Inubushi alijibu kwamba ilikuwa ya kawaida tu, akavua viatu, akaingia kuoga. Hakuwa anaficha kitu. Siku hizo mambo yalimpitia kando, kama redio ya jirani: aliyasikia, lakini hayakuwa yake.

Maarufu pale gimu alikofanyia mazoezi alikuwa Chikamori, mdogo wake kwa miaka sita, bingwa wa taifa tu, ambaye kila akirusha mkono wa kushoto alisahau kukinga kidevu na wa kulia. Lakini siku aliyoutwaa mkanda wa taifa, alipopewa kipaza sauti ulingoni, badala ya kushukuru alimwomba mama mwenye duka la mikate amwekee mkate mmoja wa kari. Alisema wakati wa kupunguza uzito alikuwa akiupita dirishani mpaka akaanza kuuota. Ukumbi mzima ulicheka. Asubuhi yake foleni ya ule mkate ilikunja kona, na haukupita muda Chikamori akawa kwenye vipindi vya mapishi, vya mbwa, vya kuimba. Akina mama ambao hawakuwahi kutazama ngumi walimwita kijana wetu. Inubushi akipewa kipaza sauti alisema asanteni kwa kuniunga mkono, nitaongeza juhudi, kisha akakirudisha.

Hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni kimoja. Baba yake, fundi lipu aliyevuta vumbi la saruji maisha yake yote, alikuwa amelazwa katika hospitali kusini mwa jiji, na mapafu yake hayakumruhusu kufika hata getini. Mapambano ya Inubushi yalionyeshwa kwenye mtandao wa kulipia, na televisheni ya wodini ilikuwa na vituo vya kawaida tu. Mzee hakuwahi kumwona mwanawe akipigana: zamani kwa sababu ya kazi, sasa kwa sababu ya kitanda. Inubushi alitaka aone pambano moja, mwanzo hadi mwisho, kabla mambo hayajaharibika. Zaidi ya hapo hakujiruhusu kufikiri.

Mtayarishaji wa televisheni aliyeitwa Kuzumi alipofika gimu kupanga matangazo ya pambano la Chikamori, mwenye gimu, mzee Hirasaka, alimkaribisha chai na kumwomba aangalie kama pambano lijalo la bingwa wake lingeweza kurushwa. Kuzumi alieleza bila ukali. Watu hawatazami ngumi, alisema. Wanamtazama mtu wanayemjua, ambaye kwa bahati mbaya anapigwa. Akauliza kama Inubushi ana jambo lolote la kusimulia. Hirasaka ndiye aliyetaja baba mgonjwa. Kuzumi akaweka kikombe chini na kuomba ruhusa ya kupiga picha wodini. Inubushi alikataa, alisema baba hapendi kupigwa picha. Basi ikaamuliwa kwamba atapigana usiku huohuo mapema, kabla ya Chikamori, kamera zikiwa bado zimezimwa.

Mpinzani alikuwa Mthai mfupi mwenye subira. Katika raundi ya nane alimpiga Inubushi ngumi ya ubavu iliyomfanya asikie kitu kikikatika ndani, bila maumivu kwanza. Alishinda kwa pointi. Kama ilivyo desturi, alikwenda kwenye kona ya Mthai, akainamisha kichwa, akanywa maji aliyonyweshwa na watu wa mwenzake. Kisha akaanza kuinamia pande nne za ukumbi. Mashariki, magharibi na kusini alifanikiwa. Kaskazini aliinama, ubavu ukambana, akashindwa kuinuka.

Alibaki hivyo akitazama turubai. Hakuwaza kitu. Alisubiri tu mwili umruhusu.

Wakati huohuo, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wasimamizi walikuwa wamezikataa bandeji za mikono za mpinzani wa Chikamori na ilibidi afungwe upya. Kituo kilikuwa na dakika za kujaza, kikahamia ulingoni. Mtangazaji, ambaye Kuzumi alikuwa amemdokeza habari za baba, alimwona bingwa ameinama bila kuinuka, akashusha sauti. Aliwaambia watazamaji kwamba huyu anainamia kitanda cha baba yake hospitalini. Maneno yake yalisikika pia kwenye spika za ukumbi. Inubushi alipojinyoosha hatimaye, aliona watu wakifuta macho na hakuelewa kimetokea nini.

Siku ya pili alikwenda hospitali. Baba alikuwa ameketi, mrija wa hewa puani.

"Walionyesha kuinama tu," mzee alisema. "Nilisubiri ngumi, hazikuja."

"Samahani, baba."

"Halafu eti uliniinamia mimi. Ulikuwa unautazama mlango wa kuelekea stesheni, kaskazini. Mimi niko kusini, bwege wewe. Umenielekezea matako mbele ya nchi nzima."

"Ni ubavu."

"Najua ni ubavu. Nimeanguka kutoka kwenye majukwaa ya ujenzi mara ngapi?" Mzee akakohoa, akasubiri pumzi irudi. "Ila manesi wameniletea pudini. Usiwaambie ni ubavu."

Mpaka hapo nchi ilikuwa imekwisha kuamua kwamba alimwinamia baba. Kwenye treni vikongwe walimpisha kiti. Mama wa bafuni alikataa kiingilio chake na kuomba radhi kwa habari ya vifurushi. Kuzumi alimwita kwenye kipindi cha moja kwa moja, akamketisha karibu na Chikamori, na mtangazaji wa kike akamuuliza kwa sauti ya chini alikuwa anamwambia nini baba yake muda ule. Inubushi alifungua mdomo aseme ni ubavu. Akaona machozi yameshamjaa yule mtangazaji. Akaufunga mdomo. Kimya hicho, wasaidizi wa studio walisema baadaye, ndicho kilichowamaliza watu.

"Kaka," Chikamori alimwambia kwenye korido, "mimi nimeimba, nimebeba mbwa, nimekula pilipili mpaka nikalia. Wewe umenyamaza tu."

"Sikuwa na la kusema."

"Ndiyo hivyo. Kila mtu amejaza lake."

Hakusema kwa wivu. Alionekana kama mtu aliyeonyeshwa njia ya mkato baada ya kuzunguka mtaa mzima.

Kituo kikampa Inubushi usiku wake mwenyewe mwezi wa kumi, saa moja jioni, raundi zote, kwenye televisheni ya kila nyumba. Walichoomba ni kamera moja wodini. Safari hii alimuuliza baba mwenyewe. Mzee alisema waje, mradi aone.

Pambano lilikwenda raundi zote kumi na mbili, na Inubushi alipigana vizuri kuliko siku yoyote. Asubuhi alifika wodini jicho moja limevimba na kufumba. Kando ya kitanda kulikuwa na maua mengi na waya mmoja wa taa uliosahauliwa.

"Umeonaje?" aliuliza.

Mzee alisema wale vijana wa kamera walikuwa na adabu sana. Walimwekea mto, wakamchana nywele. Taa zao zilikuwa kali.

"Waliniambia nisitazame televisheni, macho yangu yangeinama," alisema. "Nitazame kamera. Wao wangenionyesha kidole ukipiga, na ngumi mbili ukipigwa."

"Raundi zote?"

"Zote. Nilisikia kelele. Mwisho wakaniambia umeshinda, nilie kama naweza. Sikuweza."

Inubushi alisubiri hasira ije, au kitu kingine chochote. Hakuna kilichokuja. Alivua koti, akaliweka juu ya maua, akasogeza meza ya chakula mpaka ukutani. Akasimama katikati ya kitanda na pazia, akainua mikono.

"Mpinzani alianza hivi," alisema, "kwa mguu wa kushoto mbele." Akarusha ngumi ya kwanza polepole, ili mzee aione ilikotoka.