Simu Iliyosikia Upande Mmoja

Fundi wa mitambo alikuwa na tabia moja aliyoirithi kwa marehemu mwalimu wake wa kazi: mashine usiziache zielewane zenyewe. Kasi ya kila mlango wa mtandao, pale waya unapochomekwa, uipange kwa mkono wako, uweke megabiti mia, uweke kutuma na kupokea kwa pamoja, kisha ukalale. Kwa mitambo mikongwe ya zama zake, mzee alikuwa sahihi. Fundi alilishika neno hilo bila kuuliza zama hizo ziliisha lini.

Ofisi ilikuwa ya kupokea simu za wanawake wanaopigwa majumbani. Vyumba viwili, mapazia mazito, meza zimebanana, na mlangoni hakuna kibao, maana waume nao wanajua kusoma. Simu mpya za mezani zilipoletwa, Fundi aliipanga kwa mkono milango yote ya swichi, lile boksi linalokusanya nyaya za ofisi nzima. Simu zenyewe akaziacha zijitafutie, kwa sababu kupekua menyu ya kila moja kulimchosha kabla hajaanza. Akapiga simu ya majaribio, halo halo, sauti ikaja safi. Akakusanya vifaa vyake akaenda zake.

Kumbe swichi iliyopangwa hivyo haimjibu mtu. Simu huiuliza twende kwa mtindo gani, na ikikosa jibu hujichagulia unyonge: ama itume, ama ipokee, si vyote kwa mpigo. Ofisi ikiwa imetulia hutagundua lolote. Lakini kompyuta za mezani, zilizopata mtandao kupitia simu hizohizo, zikianza kuhamisha mafaili, maneno yanayotoka hugongana na yanayoingia, yakafia njiani. Aliye ofisini anasikia kila kitu. Aliyepiga hasikii kitu.

Shangazi, kama ofisi nzima ilivyomwita mpokea simu wao wa siku nyingi, alilalamika wiki nzima kwamba watu wanamkatia simu katikati ya maneno. Fundi alicheka. Alimwambia simu mpya zimeshachoka kusikia umbea, na kwamba tatizo liko kwenye mtandao wa wapigaji. Hata mlango mmoja hakuupima. Walikuwa watu wa kutaniana, basi Shangazi akamwita daktari wa nyaya na kurudi mezani kwake.

Asubuhi moja akapiga mama wa watoto wawili, ambaye Shangazi alikuwa amembembeleza kwa miezi akubali kuondoka. Mpango wao ulikuwa huu: mume akienda kazini, mama atapiga, na gari likiwa tayari Shangazi atamwambia atoke. Asipoambiwa, asitoke, kwa sababu mume alishawahi kujificha nje akamsubiri. Ofisi nayo ilikuwa na sheria zake. Haimpigii mtu, maana huwezi kujua simu imeshikwa na nani, na dereva habishi hodi.

"Dada, nitoke?"

"Toka sasa hivi. Gari liko nyuma ya ukuta."

"Dada? Upo?"

Meza ya jirani walikuwa wanatuma ripoti ya mwezi. Shangazi alirudia, akapaza sauti, akasimama kabisa na simu mkononi. Alimsikia mama yule akivuta pumzi, alimsikia hadi mtoto akiomba viatu vyake. "Basi," mama akasema taratibu, na simu ikakatika. Dereva alisubiri hadi mume aliporudi, kisha akaondoka na gari tupu.

Safari hii Shangazi hakuja na utani. Fundi alifungua kumbukumbu za swichi, akaona makosa yaliyorundikana kwenye mlango wa simu ya Shangazi. Aliirudisha milango yote ielewane na simu yenyewe, akazipitia simu moja moja, akazipima kompyuta zote zikiwa kazini. Ilikuwa kazi ndogo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Tangu hapo akawa anakuja kila asubuhi kupima tena, ingawa hakuna aliyemwagiza.

Alikuwa ameinama mezani kwa Shangazi simu ilipoita. Shangazi akafungua spika. Alikuwa mdogo wake yule mama.

"Tumemzika jana," alisema. "Alinitumia ujumbe kwamba amepiga, mkanyamaza. Sijaja kugombana. Nataka tu kujua mlinyamaza kwa nini."

"Sikunyamaza, mwanangu," Shangazi alisema. "Nilimwambia atoke. Nilimwambia mara nyingi."

"Hakusikia."

Shangazi alifuta uso kwa kiganja. Hakumlaumu Fundi wala hakumwangalia, aliisukuma simu tu hadi upande wake wa meza.

Fundi alitamani kusema mtandao, alitamani kusema mitambo. Akaisogelea spika.

"Mimi ndiye fundi niliyeifunga hii simu," alisema. "Dada yako alikuwa anajibiwa. Mimi ndiye niliyefanya asisikie."

Upande wa pili hakujibu mtu. Fundi alisubiri, na alijua kwamba amesikika vizuri, kila neno.