Leseni ya Dhahabu

...viti saba, sawa, lakini vya nani, anajiuliza Chizuru, huku Orihara muuza magari akibonyeza kitufe na mlango wa nyuma ukiteleza wenyewe taratibu, "unaona mama, kidole kimoja tu, hata kama umebeba mtoto mkono huu na mfuko wa sokoni mkono ule," na ni kweli amebeba mtoto, Nagi, mwaka mmoja na miezi minne, amelala kifuani ndani ya mbeleko mdomo wazi, mate yakilowesha sweta, na mlango unateleza kwenda, unateleza kurudi, na kwenye kona ya watoto kule karibu na dirisha Itsuki, wa miaka minne, anajenga gereji kwa matofali ya plastiki na kuipigia kelele, na nje mvua ya Novemba ya Toyama inaanguka vilevile tangu jana, mvua ya kukumbusha kwamba theluji iko njiani, "na huku nyuma kabisa wanakaa babu na bibi bila kubanana," Orihara anaendelea, ana sauti nzuri, mtu wa kusikilizwa hata kama humsikilizi, na Chizuru anaitikia ndiyo, ndiyo, kutoka kiti cha mbele cha kushoto alichokaa na ubao wa fomu mapajani, huku akihesabu, yeye mmoja, Itsuki wa pili, Nagi wa tatu, halafu anahesabu tena kana kwamba kuna aliyejificha chini ya kiti, "na baba je, atakuja kuiona lini?" na mdomo wake unajibu kabla yeye hajafikiri, "yuko Fukuoka, kikazi," "aa, peke yake huko, poleni sana, kwa muda gani?" "miaka miwili," anasema Chizuru, na ameshasema, halirudi, ingawa tangu saa moja asubuhi ya leo si miwili tena ni mitano.

Mitano... "Mama, hebu sikia, usikasirike kwanza," ndivyo alivyoanza Takanori kwenye simu, maana hata yeye mumewe humwita Mama tangu Itsuki azaliwe, shuleni ni Mama Itsuki, kliniki ni Mama Nagi, hapa ni mama tu, kazini kwenye duka la dawa ni Mukai, jina la ukoo wa mume, na akijaribu kukumbuka mara ya mwisho mtu kumwita Chizuru haipati, haipati kabisa, "wameniomba niongeze mitatu, mkuu mwenyewe kaniita, ningesemaje, nikasema sawa," ukasema sawa, naam, kwa mkuu, na mimi ukaniambia nisikasirike, na hakukasirika, hilo ndilo linalomshangaza, alikuwa anakoroga supu ya miso, ile ya rojo la soya iliyochachushwa, na akaendelea kuikoroga mpaka ikachemka, kitu ambacho hata mtoto wa shule anajua usikifanye, ladha inakimbia yote, akawamiminia watoto hivyo hivyo, "lakini hilo gari chukueni lile la watu saba, nikirudi tunakwenda baharini wote na wazee," ndivyo alivyosema, nikirudi, nikirudi, aliondoka Aprili mwaka jana tumbo la Nagi likiwa la miezi sita, akaondoka na gari kwa sababu kazi yake iko nje ya mji huko, na wala hakumlaumu, kila mtu alisema ndivyo ilivyo, wanaume nusu ya jengo lao wamepelekwa mikoa ya watu, wake zao wanabaki na shule za watoto na nyumba, na wakikutana kwenye lifti wanaulizana hali ya hewa ya kule waume walipo, Fukuoka jua, Sendai baridi, hakuna anayemuuliza mwenzake habari yake mwenyewe... "Naomba leseni yako kidogo mama, nitoe nakala, kisha tuzunguke mtaa mmoja uisikie mwenyewe," anasema Orihara, na Chizuru anaitoa pochini kama anavyotoa kadi ya maktaba, na uso wa Orihara unang'aa, anaipokea kwa mikono miwili, "dhahabu! Hongera sana mama, mstari wa dhahabu, dereva makini, kampuni za bima zinawapenda watu kama nyinyi," na anainama kidogo, na Chizuru naye anainama, na mtoto kifuani anainamishwa naye, na Orihara anakwenda zake kwenye mashine ya kunakili.

Ndiyo kwanza anasikia moyo wake. Dhahabu wewe! Leseni ile alipewa akiwa na miaka ishirini na mbili, na dhahabu walimpa kwa kutofanya kosa lolote barabarani, na hakufanya kosa lolote kwa kuwa hakufika barabarani, ni sawa na kumpa mtu nishani kwa kutozama wakati hajawahi kuingia majini, na wako wengi wa namna hiyo, waliojaza madroo kwa dhahabu ya bure, huicheka wakiwa pamoja, lakini hapa hayuko nao, hapa yuko peke yake na Orihara anarudi sasa hivi na ufunguo... aliendesha mara moja, vuli, wiki ya pili ya ndoa, Takanori pembeni yake, alikuwa anarudi nyuma kuingia pale wanapoegesha akaugonga ukuta wa jirani, pole pole tu, lakini mpersimoni, mti wa matunda wa mzee mwenye ukuta ule, ukatikisika na matunda manne matano yakaanguka pu, pu, juu ya paa la gari, na Takanori akacheka mpaka akatoa machozi, akasema, "shuka, shuka, njoo huku, nipo mimi, wasiwasi wa nini?" wakabadilishana viti, yeye akahamia kushoto, na asidanganye mtu, hakuonewa, alifurahi, alihisi kama mtu aliyetuliwa mzigo, walikula yale matunda usiku ule wakicheka, na tangu siku hiyo, miaka tisa, ni kushoto, kushoto ndipo pake, na hata leo... Anageuza shingo. Upande wa kulia usukani uko wenyewe, umefunikwa nailoni, kiti kimesukumwa nyuma kwa ajili ya miguu mirefu ya mtu fulani. Orihara alipowafungulia gari alifungua milango yote miwili ya mbele, kulia na kushoto, akainama, karibu mama, na ni yeye Chizuru aliyezunguka kwa miguu yake mwenyewe akaja kuketi huku, hakuna aliyemwonyesha, amekuja kununua gari akaketi kiti cha abiria akimsubiri dereva aliye Fukuoka.

Nagi anajinyonganyonga, anatulia. Mwanangu lala, mama anafikiri... lile jeraha kwenye goti la mtoto limeshakauka, jeraha la Alhamisi, mvua kama hii, baiskeli ya umeme, Nagi kiti cha mbele, Itsuki cha nyuma, makoti ya mvua mpaka puani, kwenye kivuko cha duka la tofu tairi ikakanyaga mstari mweupe uliolowa ikateleza, na baiskeli ile nzito, nzito kwa betri na watoto wawili, ikaanza kulala, pole pole, ndicho kinachomtesa, pole pole kiasi kwamba aliona kila kitu, aliona mkono wake hautoshi, aliona lori, taa zake, akasikia breki zikilia, kisha kimya, Nagi ananing'inia kwenye mkanda na kofia yake ngumu, Itsuki amekaa barabarani anatazama viatu vyake, na dereva wa lori akashuka, mtu wa makamo mwenye taulo shingoni, akainyanyua baiskeli kwa mkono mmoja, akasema, "mama, leo tumepona sote," akainama kuomba radhi kana kwamba kosa lilikuwa lake, akaondoka, na yeye akamwambia Itsuki, tusimwambie baba, baba atapata wasiwasi na yuko mbali, na Itsuki, ambaye hajui kuweka siri hata ya keki, leo asubuhi akaikamata simu akasema, "baba, sisi hatukuanguka!" hivyo tu, hatukuanguka, na supu ikichemka Chizuru akasimama na mwiko hewani akisubiri swali, hamkuanguka wapi, nani hakuanguka, swali moja tu... na Takanori akacheka, "vizuri sana, hongereni," akasema ana kikao, akakata.

Hakuuliza. Hapo ndipo palipomuuma, siyo kwenye miaka mitano, na Chizuru anaona ajabu kwamba amelijua hilo sasa, ndani ya gari lenye harufu ya plastiki mpya, si mtu mbaya, hutuma fedha, hutuma picha za chakula anachokula peke yake, naye atakuwa analala mpweke vilevile huko, lakini hakuuliza, kwa sababu kwake sisi ni picha kama hii ya kwenye kitabu cha magari, na kitabu kiko hapa juu ya fomu, ukurasa wa kwanza, baba kwenye usukani anacheka, mama kushoto kwake anacheka, watoto nyuma, bibi na babu nyuma zaidi, na mbwa pia, mbwa wa nini sasa, na hiyo ndiyo picha aliyokuja kuinunua, wiki mbili amekuwa akilinganisha urefu wa gari na buti na viti vinavyokunjwa, Jumapili alikwenda na futi ya kupimia pale wanapoegesha, namba saba, pembeni ya nguzo, Itsuki akashika ncha ya futi kwa heshima kama anashika bendera, na vipimo vikasema litaingia, linabaki pungufu ya shibiri kila upande, akaandika chini litaingia, wala hakujiuliza nani ataliingiza, kwenye theluji, saa kumi na mbili asubuhi, watoto wawili nyuma wanalia. Mwaka jana alikuwa likizo ya uzazi, Nagi mgongoni, akimburuta Itsuki kwenye kigari cha plastiki juu ya theluji mpaka shuleni, na majirani wakisema jamani wanavyopendeza, lakini mwaka huu amerudi kazini ng'ambo ya mto, daraja lile lina upepo, hakuna kigari cha kuvuka daraja lile... Na gari kubwa halimrudishi mtu. Hili nalo analisema kimoyomoyo kwa mara ya kwanza na halimuui. Alikuwa anamnunulia mumewe kiti. Kama kile chombo chake cha wali kilichoko kabatini ambacho hukiosha kila mwezi ingawa hakijatumika, alitaka kumwekea kiti kipana cha kutosha ili aone aibu ya kutokuja kukikalia, na yeye akae pembeni ya kiti kitupu akingoja, mimi mpweke, anafikiri, mimi ni mpweke, na neno linatoka rahisi kuliko alivyodhani, mpweke, watoto wawili hawaachi kuniita mama kutwa nzima na mimi mpweke.

Mashine ya kunakili inalia kule. Kwenye fomu kuna mstari, mwendeshaji mkuu wa gari, na juu yake ameshaandika herufi ya kwanza ya Takanori, kwa haraka ileile iliyojibu miaka miwili, na anaitazama ile herufi, anaipitishia mistari miwili, nadhifu, na pembeni anaandika Chizuru, kwa herufi zilizonyooka kama za mtihani, halafu anaweka ubao chini, anamshika Nagi kichwa kisigonge, na kwa kuwa gari hili la kifahari sakafu yake ni tambarare katikati ya viti viwili vya mbele, "ni rahisi kupita mama, huna haja hata ya kushuka kwenye mvua," alisema Orihara mwenyewe, anapita, goti moja, la pili, anajikuta kulia. Nailoni inalia chini yake. Miguu haifiki popote. Anapapasa chini ya kiti, anapata chuma, anavuta, na kiti kinakwenda mbele, tak, tak, tak, nafasi yote hii alikuwa anamwekea nani, tak, mpaka nyayo zinaikuta breki, na breki ni ngumu, baridi, iko pale. Anaweka mikono yote miwili juu ya usukani.

Mlango wa kushoto unafunguliwa, Orihara ameshika trei, juu yake leseni na ufunguo, "haya mama, tu..." na kiti hakina mtu. "Niko huku," anasema Chizuru, "na ndugu Orihara, nisamehe, hiyo dhahabu ni ya bure, sijashika usukani miaka tisa, leo sitazunguka mtaa, ila kuna mwalimu wa kuwafundisha watu kama mimi upya, sivyo? Na lile gari dogo kule kona, lenye mlango wa kusukuma na kibao cha namba cha njano cha magari madogo, naomba nikalikalie pia," na Orihara, kwa mara ya kwanza tangu wafike, anaonekana kijana kuliko sauti yake, "mke wangu pia ana ya dhahabu, mama," anasema chinichini, "iko kwenye droo," na kabla hajajibiwa viatu vidogo vinakuja mbio sakafuni, matofali ya plastiki yanamwagika, Itsuki ameona kupitia kioo kichwa cha mtu kwenye usukani, "baba! Baba kaja!" anapita chini ya kwapa la Orihara, anajitupa ndani, anakwama. Anamtazama mama yake.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi."

Itsuki anafikiri, anapanda kiti cha kushoto, kile chenye joto bado, anavuta mkanda kwa mikono yote miwili, na kuuliza, "basi mimi nikae mahali pako?"

"Leo tu, tukiwa tumesimama," anasema Chizuru. "Barabarani utakaa nyuma."