Sura ya Nne ya Mulwa

Kavindu alipoingia dukani saa saba mchana, alikuta nimeshapanga tasnifu yake mezani, nakala tano, kingo zimelingana, na gundi inapata moto jikoni. Hakuketi. Alisimama mlangoni, begi lingali mgongoni, akasema, "Mzee Kihara, usijalidi. Zitupe tu."

Nilidhani ni mzaha. Kwa miaka ishirini na sita nimejalidi tasnifu za chuo kile cha teknolojia, hapa ghorofa ya pili, karibu na River Road. Nimeona waliolia kwa furaha, nimeona waliobusu jalada, na mmoja alilala pale kwenye benchi hadi gundi ikakauka. Wa kuniambia nitupe sikuwahi kumpata. Nikamwambia aache upuuzi, aketi, anieleze.

"Wanasema nimebuni marejeo," alisema. "Leo saa nane niko mbele ya kamati. Nikishindwa kujieleza, nafukuzwa. Miaka minne, mzee! Sasa nijalidishe nini?"

Hapo niseme ukweli: sikuwa na desturi ya kusoma vitu hivi. Tasnifu za umeme, za maziwa, za madaraja, za nyuki, kwangu zote zilikuwa karatasi za kuhesabu na kushona. Watu huniuliza kama nimegeuka profesa kwa kushika elimu nyingi namna hii, nami huwajibu kwamba fundi wa suti haalikwi harusini. Lakini msichana alikuwa amesogea hadi mbele ya meza yangu, ikanibidi niulize marejeo hayo ni yapi.

"Utafiti wangu ni wa matofali ya udongo," alisema, akaketi hatimaye. "Tofali la udongo likinyeshewa linamomonyoka, hilo hata mtoto anajua. Nikawa nasoma maktabani tasnifu ya mtu anaitwa Mulwa, mhandisi wa ujenzi. Sura ya nne, ukurasa wa sitini na moja, katikati ya matofali, nikakuta maembe."

"Maembe?"

"Maembe, mzee! Kwamba embe ukilipaka ute wa mpungate, ule mmea wa miiba uliojaa kwetu Makueni, linakaa wiki tatu bila kunyauka, kwa sababu maji yake hayatoki. Nikasema huyu Mulwa ni mjanja, anataka msomaji ajiongeze. Kama ute unazuia maji kutoka kwenye embe, mbona usiyazuie kuingia kwenye tofali? Nikauchanganya na udongo. Nikamjengea shangazi banda la kuku huko Kabiria, na mvua yote ya Aprili imelinyeshea. Halijabanduka hata kipande."

Banda hilo nalijua. Ninakaa Kabiria, na kila siku nikienda kazini nalipita, jekundu, nyuma ya kanisa. Nilikuwa nikidhani limejengwa kwa saruji.

"Basi shida iko wapi?" nikauliza.

"Maktaba imeondoa nakala za karatasi, kila kitu sasa kiko kwenye kompyuta, kama waandishi wenyewe walivyokiwasilisha. Mtahini amefungua tasnifu ya Mulwa huko, ukurasa wa sitini na moja. Hakuna embe, hakuna mpungate. Wamempigia Mulwa simu, amesema hajawahi kuandika neno embe maishani mwake. Nilikisoma kile kitabu kwa macho yangu haya. Nilinakili kwa mkono. Lakini nani ataniamini?"

Mimi ningemwamini, kwa sababu nilijua kitabu hicho kilivyokuwa.

Miaka minane iliyopita, wiki ya mwisho kabla ya mahafali, nilikuwa na tasnifu mbili mezani, zote za jalada la buluu, unene uleule. Moja ya Mulwa. Nyingine ya Ivyne, msichana wa sayansi ya vyakula. Simu iliita, nikainuka, nikarudi, nikashona. Siku chache baadaye Ivyne alirudi na nakala yake moja, amefura kwa hasira: katikati ya maembe yake mlikuwa na matofali. Nikamwomba radhi, nikaing'oa sura ile, akachapisha yake upya, nikamshonea. Alipokwisha kwenda ndipo nilipong'amua kwamba sura yake iko ndani ya kitabu cha Mulwa, na kitabu cha Mulwa kimeshafika maktaba.

Ilinipasa kwenda siku ileile. Sikwenda. Chuo kina orodha ya mafundi wanaoruhusiwa kujalidi tasnifu zake, na kosa la namna hiyo hukuondoa humo bila mjadala. Nikajiambia: kwani nani huyasoma mambo haya? Yatakaa rafuni hadi kiama.

Kumbe yuko mtu aliyesoma hadi sura ya nne.

"Wewe unaniamini, mzee?" Kavindu aliuliza.

Sitajifanya malaika. Nilitaka kumwambia pole mwanangu, Mungu yupo, kisha nimsindikize hadi ngazini. Neno lenyewe lilikuwa limefika mdomoni. Ila nilitazama zile kurasa zake nilizokuwa nimezigonga zikalingana, nikaona aibu ya kuzitia kwenye gunia la taka. Niliinama, nikavuta sanduku lililo chini ya meza, nikatoa fungu la kurasa zenye gundi kavu ubavuni.

"Hii ndiyo sura ya nne ya Mulwa," nikasema. "Uliyoisoma wewe ilikuwa ya mtu mwingine. Mimi ndiye niliyezichanganya."

Alizifungua, akasoma mistari miwili, akaniangalia.

"Ulijua? Miaka minane ulijua?"

"Nilijua."

"Mzee, mama yangu alinifundisha adabu. Angekuwa hakunifundisha, leo ungesikia."

"Utanitukana tukiwa njiani. Saa nane haiko mbali."

Nilizima jiko, nikachukua daftari langu la kazi, nikafunga duka. Kavindu hakunitukana. Afadhali angefanya hivyo, maana njia nzima kutoka River Road hadi chuoni alitembea hatua tatu mbele yangu.

Kamati ilikuwa ya watu watatu, mwenyekiti wao Profesa Anita, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilisimama mbele yake kama mshtakiwa, nikaeleza yote. Nikamwonyesha daftari: Mulwa na Ivyne, siku moja, mstari juu ya mstari. Nikamwekea kurasa zenye gundi. Alizipapasa ubavu kwa kidole, kisha akamwomba Kavindu kile alichonakili kwa mkono, akamwambia mwenzake afungue tasnifu ya Ivyne kwenye kompyuta, sura ya nne, ukurasa wa sitini na moja.

Alisoma kwa sauti kutoka kwenye kompyuta. Mwenzake akafuatisha kwenye daftari la Kavindu kwa kalamu. Neno kwa neno. Walipofika kwenye ute wa mpungate, Kavindu alifunika uso kwa mikono, akalia waziwazi.

"Huyu Ivyne na Mulwa," Profesa Anita aliuliza polepole, "waliwahi kukutana?"

"Kwenye meza yangu tu, profesa," nikamjibu. "Nao hawakuwapo."

Nilisikia mmoja wao akijizuia kucheka. Profesa hakucheka. Alisema Kavindu asahihishe marejeo, amtaje Ivyne kwa jina, kisha awasilishe nakala zilizojalidiwa kabla ya Ijumaa. Alisema pia Ivyne na Mulwa watafutwe, wakaalikwe kuliona banda la kuku. Halafu akanigeukia mimi.

"Unafahamu kwamba jina lako litatoka kwenye orodha yetu?"

"Nafahamu."

"Basi, Kavindu, utafute fundi mwingine."

Kavindu alifuta uso kwa kiganja. "Hapana, profesa. Kazi hii yeye ndiye aliyeianza. Naomba aimalize yeye."

Profesa aliivua miwani yake, akaitazama, akairudisha. "Nakala hizi tano," alisema. "Baada ya hapo tutaona."

Siku ya pili yake Kavindu aliniletea ukurasa mpya wa marejeo, mara tano. Akauweka mezani, akakaza macho.

"Mzee, safari hii usichanganye."

"Na nikichanganya?"

"Basi uchanganye na kitu cha maana," alisema, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake.

Alipoondoka nilizihesabu kurasa. Mia mbili na kumi na nne. Nikazihesabu tena kutoka nyuma. Nikazima simu, nikapasha gundi, nikachovya brashi. Mkono ulikuwa umeshainuka nilipoiona sura yake ya nne imefunguka yenyewe, na picha ya banda jekundu, na nyuma yake kona ya kanisa letu. Nikairudisha brashi ndani ya kopo. Nikavuta kiti karibu na dirisha, nikavaa miwani, nikaanza kusoma kutoka ukurasa wa kwanza, taratibu, nikirudia nisipoelewa.

Gundi iliganda. Niliiacha igande.